Somo la Ndoo: Kusafisha Siyo Kutakasa

Ukurasa wa masomo safari hii unaingia jikoni. Sababu ni moja tu: baridi ikishakaza na siku kuwa fupi, wanachama wetu wengi wananunua vile vifurushi vya kutengenezea bia nyumbani, yaani kopo la kimea kizito kama asali, kipakti cha hamira na ndoo ya plastiki ya lita 25 au 30. Wanafuata maelekezo neno kwa neno. Baada ya wiki tano wanafungua chupa ya kwanza mbele ya wageni, na kinachotoka ni siki. Chupa 40 zote zinaishia kwenye sinki.

Ukisoma karatasi ya maelekezo utakuta mstari mmoja wa haraka haraka unaosema vyombo viwe safi na vimetakaswa, halafu karatasi inaendelea na mambo mengine. Ule mstari mmoja ndio nusu nzima ya kazi, na ndio somo letu la leo.

Kabla hatujaanza, suala la sheria. Hapa Uingereza leseni ya kutengeneza bia nyumbani ilifutwa mwaka 1963, kwa hiyo unaruhusiwa kutengeneza ya kunywa mwenyewe na wageni wako bila kulipa ushuru. Kuuza, hata chupa moja kwenye sherehe ya chama, hairuhusiwi. Kugema gongo, yaani kukeneka pombe kwa moto na mrija, ni jambo lingine kabisa na bila leseni ni kosa. Kwa wenzetu wa Marekani, sheria ya nchi nzima iliruhusu bia ya nyumbani mwaka 1978, lakini majimbo yana taratibu zao na umri wa kunywa ni miaka 21. Nyie mlioko Oman na nchi nyingine za Ghuba, sheria za pombe huko hazina mchezo, msijaribu. Lakini msifunge gazeti, maana kuna habari ya togwa humu ndani, na usafi wa ndoo ni ule ule.

MBONA BIBI HAKUTAKASA KITU?

Hili swali lazima litaulizwa, na ni swali zuri. Pale Kilimanjaro mbege inapikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na gome la msesewe linatia ule uchungu. Rwanda na Burundi wana urwagwa wao wa ndizi, Kenya kuna busaa. Hakuna mama anayepika vitu hivi aliyewahi kuchovya pipa lake kwenye dawa. Anasuuza kwa maji basi, na mabaki yaliyojificha kwenye mbao au kwenye udongo wa mtungi ndiyo yanayosaidia kuanzisha pombe inayofuata. Yaani uchafu ule kwake ni mtaji.

Tofauti ni mbili. Ya kwanza, ladha. Kwenye pombe zetu hamira haifanyi kazi peke yake, inafuatana na bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, ndugu wa wale wa maziwa ya mgando. Ule uchachu ndio tunaoutaka. Kwenye bia ya Kiingereza uchachu huo huo unaitwa ugonjwa.

Ya pili, muda. Mbege inanyweka siku iliyoiva au kesho yake, ikizidi siku chache hakuna anayeitaka. Bia ya kopo inakaa kwenye ndoo kama wiki mbili, kisha kwenye chupa wiki mbili, tatu, au miezi. Hebu tupige hesabu. Tuseme kijidudu kimoja kinagawanyika mara mbili kila baada ya saa tatu. Kwa siku moja kimeshagawanyika mara 8, wako 256. Siku ya pili ni 65,536. Siku ya tatu wamepita milioni 16. Kwenye pombe ya siku moja kijidudu mgeni hana nafasi ya kufanya chochote cha maana. Kwenye bia ya wiki tano ana nafasi ya kujenga mji.

Wala haya si mambo ya jana. Louis Pasteur alichapa kitabu kizima kuhusu bia mwaka 1876, akionyesha kwamba magonjwa ya bia yanaletwa na vijidudu, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, alifanikiwa kuotesha hamira safi kutoka kwenye chembe moja. Kipakti unachorushia ndani ya ndoo ni mtoto wa kazi ile. Sasa ukiitumbukiza hamira safi kwenye ndoo chafu, umeitupa kazi yote ya wazee wale.

MANENO MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Waliosoma uuguzi na udaktari humu chamani watanisamehe, wao haya wanayajua. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana na unaoshikika: povu lililokauka, masalio ya hamira, sukari, mafuta ya vidole, ukoko wa chokaa. Kutakasa ni kuwapunguza vijidudu waliobaki mpaka wawe wachache kiasi kwamba hamira yako itawazidi nguvu. Hospitalini kutakasa maana yake ni kuua vyote, asibaki hata mmoja. Jikoni kwa mwanafunzi hatuwezi kufika huko, na hatuhitaji.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuruka hatua ya kwanza. Mtu ana ndoo yenye pete ya kahawia ya povu kavu, anamimina dawa, anasubiri, anamwaga, anasema imetakaswa. Haijatakaswa! Dawa za klorini zinashambulia kitu chochote chenye asili ya uhai, haziulizi kama ni kijidudu au ni masalio ya kimea. Zinamaliza nguvu zake kwenye uchafu wa juu, na walioko chini wanabaki salama. Tena vijidudu wakikaa muda mrefu mahali penye unyevu wanajijengea utando wa utelezi, kama ule unaoushika kwa ndani ukipitisha kidole kwenye bomba la sinki. Utando huo unawakinga na dawa. Kinachouondoa ni kuloweka na kusugua.

Kwa hiyo ukiwa na saa moja tu, dakika 50 zipeleke kwenye kusafisha.

KUSAFISHA

Sabuni ya vyombo ya kawaida inafanya kazi kwa vitu vidogo, mradi isiwe na manukato makali na usuuze sana, kwa sababu mabaki ya sabuni yanaua povu la bia. Lakini kwa ndoo yenye pete kavu, dawa nzuri kuliko zote kwa bei ya mwanafunzi ni sodiamu pakaboneti. Usitishike na jina. Ni ile poda nyeupe ya oksijeni ya kutoa madoa kwenye nguo. Tafuta isiyo na rangi wala harufu, maduka ya vifaa vya bia wanauza ikiwa peke yake. Ikikutana na maji ya moto inagawanyika kuwa vitu viwili: haidrojeni peroksaidi, ambayo inatoa vile vipovu vya oksijeni, na sodiamu kaboneti, ambayo ni ndugu wa karibu wa magadi tuliyozoea kuyatia kwenye maharage. Magadi yanalegeza uchafu, oksijeni inauinua.

Kipimo: kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita 4 za maji ya moto, lakini siyo ya kuchemka. Ukiweza kupima, nyuzi 50 hivi zinatosha. Jaza ndoo mpaka juu ya ile pete, acha nusu saa, au lala nayo usiku kucha kama pete ni ya zamani. Asubuhi unafuta kwa kitambaa laini na inatoka yenyewe. Vaa glavu, na angalia macho. Na jambo moja ambalo maandishi mengi hayalisemi: USIFUNIKE KWA KUKAZA. Ile oksijeni inaendelea kutoka, na chombo kilichozibwa kinaweza kupasuka.

Usitumie chuma cha kusugulia sufuria wala upande mkavu wa sponji. Mkwaruzo mmoja kwenye plastiki ni bonde refu kwa bakteria, na hakuna dawa inayofika chini ya bonde hilo kirahisi. Ndoo iliyokwaruzika sana ipewe kazi ya kuwekea nguo chafu, ununue nyingine.

Sasa tuje kwenye mahali ambapo bia nyingi zinaharibikia, nako ni bombani. Ile bomba ndogo ya plastiki chini ya ndoo, ukiitazama kwa nje ni safi. Ifungue. Ndani kuna kipande kinachozunguka, na kati yake na ganda pana mwanya ambao bia ya mara ya mwisho imekaa humo tangu mwezi uliopita. Nimeshaona bomba iliyofunguliwa baada ya ndoo tatu mfululizo kuharibika, na kilichokuwa ndani kilifanana na kamasi. Mwenye ndoo alikuwa akiilaumu hamira muda wote! Nyingi za bomba hizi zinatoka vipande viwili ukizisukuma kwa kidole kutoka nyuma baada ya kuziloweka kwenye maji ya moto. Kama yako haifunguki, nunua inayofunguka. Washa za mpira pande zote mbili za ukuta wa ndoo nazo zitolewe kila mara.

Mpira wa kuhamishia bia nao ni wa kuangaliwa. Ukishaona umeingia ukungu kwa ndani au una harufu hata baada ya kulowekwa, usihangaike nao, ukate utupe. Mita mbili za mpira ni rahisi kuliko lita 23 za bia. Kizibo cha hewa, haidromita na kijiko kirefu vina nyuso laini, vinaoshwa dakika mbili vimekwisha.

Kwa walioko London na kusini mashariki, maji yenu yana chokaa nyingi, na poda hii itawaachia vumbi jeupe. Suuza kwa maji yenye siki kidogo, halafu maji matupu. Hapo kwenye siki soma kwa makini sehemu inayofuata.

KUTAKASA, NA HATARI ILIYOMO

Dawa rahisi inayopatikana kila kona ni ile ya kung'arishia nguo, ambayo kwetu wote tunaiita jiki. Tumia ile nyepesi kama maji, isiyo na harufu ya limau wala isiyo nzito ya kuning'inia chooni. Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji BARIDI, dakika 20, kila sehemu ikiwa imezama. Kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiposuuza, klorini inaungana na viungo vya kimea na kutengeneza ladha ya dawa ya hospitali, ile ya plasta na Dettol, na kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu ndoo nzima. Sufuria za chuma kisichoshika kutu zisilowekwe kwenye jiki, zinatobokatoboka vidoa vidogo. Wenye watoto wachanga watajua vidonge vya Milton vya chupa za mtoto. Ni klorini ile ile, fuata kipimo cha kwenye pakiti.

Sasa hatari. JIKI NA SIKI HAVIKUTANI. Wala jiki na dawa ya kutoa chokaa, wala jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala jiki na kitu chochote chenye amonia. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kama silaha kwenye vita vya mwaka 1915 kule Ubelgiji. Kwenye jiko la hosteli lenye dirisha lisilofunguka zaidi ya kiganja, huna pa kukimbilia. Ushauri wa "tia siki kidogo jiki ifanye kazi haraka" unazunguka sana, na kikemia una ukweli fulani, ndiyo maana unawadanganya hata wanaosoma kemia. Achaneni nao. Ukiwa umesuuza chokaa kwa siki, maji matupu yapite mara mbili kabla jiki haijafunguliwa kifuniko. Ikitokea bahati mbaya na ukasikia macho na koo vinawasha, usimwage wala usikoroge, toka nje, uwaite na wenzako watoke.

Kwa sababu hiyo hiyo mimi nawashauri wenye nafasi wanunue dawa isiyohitaji kusuuzwa. Star San ndiyo inayojulikana zaidi. Ni asidi ya fosforasi pamoja na kitu cha kutoa povu. Mililita moja na nusu kwa lita moja ya maji, dakika mbili, mwaga, basi. Povu linalobaki usiliogope wala usilisuuze, kwa kipimo hicho halidhuru bia wala mnywaji. Ikiwa bado haijachanganywa na maji inaunguza ngozi, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Huhitaji kujaza ndoo: changanya lita tano, zungusha mpaka kila ukuta umelowa, mimina nyingine kwenye chupa ya kunyunyizia. Ile chupa ya kunyunyizia ndiyo rafiki yako siku ya kazi. Kwenye maji ya chokaa mchanganyiko unageuka ukungu mapema na nguvu yake inapungua, hivyo tengeneza kidogo kidogo. Na kwa kuwa hii nayo ni asidi, isikae karibu na jiki.

Maji yanayochemka ni dawa pia, kwa vijiko na vitu vya chuma. Usiyamimine kwenye chupa za kioo zilizo baridi, zitapasuka, wala kwenye chupa za plastiki za soda, zitajikunja kama karatasi.

Chochote kinachogusa maji ya kimea baada ya kupoa lazima kiwe kimetakaswa. Watu wanakumbuka ndoo, wanasahau mkasi wa kukatia pakti ya hamira, na pakti yenyewe kwa nje. Wanasahau kipimajoto. Wanasahau mkono. Na vile vijinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu vinabeba bakteria wa siki, kwa hiyo siku hiyo sahani ya matunda ihame jikoni.

NDOO YA TOGWA IWE YA TOGWA

Hapa ndipo sisi tunapotofautiana na Waingereza, na vitabu vyao havitatusaidia. Kwenye nyumba zetu yule yule anayetengeneza bia anaishi na dada au kaka anayechachusha togwa, au anayegandisha maziwa, na ndoo nzuri yenye kifuniko iko moja. Kimea kikavu, cha mtama au cha ulezi au cha shayiri, kimejaa wale bakteria wa asidi ya laktiki kwenye maganda yake. Ukikitia kwenye uji vuguvugu, ndio wanaochachua togwa, na asidi wanayotengeneza inasaidia kuzuia vijidudu vingine. Kwa togwa ni baraka. Kwa bia ni wale wale niliosema wanaitwa ugonjwa.

Basi ndoo mbili, vijiko viwili, na kimea kisisagwe chumba kimoja na bia iliyo wazi, kwa sababu vumbi lake linaruka. Anayetengeneza togwa asidhani yeye kasamehewa kusafisha. Bakteria wake wanahitaji kushinda mapema, na ndoo yenye uchafu wa zamani inawapa wapinzani nafasi. Asafishe vile vile, asuuze kwa maji yaliyochemka, asiache dawa ndani ikaua anaowataka. Wa soda ya tangawizi wafuate njia ya bia, na watumie chupa za plastiki tu.

CHUPA

Nimeziacha chupa mwisho kwa sababu ndizo zinazoumiza watu. Bia iliyoingiwa na vijidudu kwa kawaida haiui. Kilevi, hopsi na ukali wake vinawafanya vijidudu wengi wa maradhi washindwe kuishi humo. Itakuudhi tu. Lakini kuna aina za hamira mwitu na bakteria zinazoweza kula sukari ambazo hamira ya bia haiwezi kuzila. Wakiingia chupani wanaendelea kula polepole, gesi inajaa, kioo kinafika mwisho wake. Chupa moja ikilipuka kabatini inaweza kuzilipua za jirani, na vipande vinaruka kwa usawa wa uso.

Dalili ni hizi: pete nyembamba shingoni mwa chupa pale bia inapoishia, utando mweupe juu, au chupa inayofoka mpaka nusu ukiifungua wakati mwezi uliopita zilikuwa tulivu. Ukiona hivyo usiendelee kuonja moja moja. Funika kreti kwa taulo nzito, vaa miwani ya maabara na glavu, zipeleke kwenye baridi kwanza ili gesi itulie, ndipo uzifungue zote na kuzimwaga. Na kabla ya kujaza chupa, haidromita isome namba ile ile siku tatu mfululizo.

Chupa yenye duara jeusi la ukungu chini, loweka kwenye poda ile usiku mzima na upitishe burashi ndefu. Iinue kwenye taa utazame kutoka mdomoni. Bado ina kivuli? Iende kwenye pipa la kioo, usiibembeleze. Zilizo safi zitakaswe saa ile ile unayojaza, siyo jana yake. Vizibo vilowe kwenye Star San dakika mbili.

Na wewe mgeni uliyealikwa kunywa: ukishamimina, suuza chupa mara tatu pale pale kwa maji ya moto na uigeuze kichwa chini ikauke. Sekunde kumi zako zinamwokolea mwenye nyumba usiku mzima wa kuloweka. Ndoo nayo ikishaoshwa ihifadhiwe kavu, bomba likiwa limefunguliwa vipande, na kifuniko kikiwa kimewekwa juu bila kukazwa.